Asante au Samahani? Neno la Mwenye Kusaidiwa na Moyo wa Msaidizi



Katika somo letu la mwezi huu tunataka kutazama jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara nyingi kwa siku bila kulifikiri. Mtu akitusaidia, tunamjibu neno. Mara tunasema "asante". Mara tunasema "samahani, nimekusumbua". Mara tunasema "pole". Maneno haya ni mafupi, lakini hayatui mahali pamoja katika moyo wa yule aliyetusaidia. Neno moja humfurahisha na kumfanya atake kusaidia tena. Neno jingine humwonyesha kwamba jasho lake limeonekana. Na lipo neno ambalo, likitumika mahali pasipolifaa, humwacha amesimama mlangoni akijiuliza kama msaada wake umekuwa mzigo.

Tumechagua mfano wa Wajapani. Hatukuwachagua kwa sababu ni bora kuliko mataifa mengine. Tumewachagua kwa sababu katika lugha yao kushukuru na kuomba radhi ni mambo yaliyokaribiana sana, hata mara nyingi neno ni lile lile moja. Mtu akienda kutazama nyumba ya jirani hurudi akaiona nyumba yake kwa macho mapya. Basi na tuanze.

1. MANENO YENYEWE

Kama ilivyo desturi ya darasani, tuanze na maana ya maneno.

Neno la kwanza ni "arigato". Ndilo neno la shukrani ambalo wageni wengi hujifunza kwanza. Limetokana na maneno mawili ya kale, moja lenye maana ya "kuwapo" na jingine lenye maana ya "ugumu". Kwa asili, basi, maana yake ni "jambo lililo gumu kupatikana", yaani jambo la nadra. Mtu anayesema "arigato" anasema kwamba wema aliotendewa si kitu cha kuokotwa njiani. Wako wanaodhani Wajapani walilipata neno hili kwa Wareno, ambao husema "obrigado". Sivyo. Wareno walifika Japani mwaka 1543, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika huko tangu zamani za kale.

Neno la pili, ambalo ndilo kiini cha somo letu, ni "sumimasen". Limetoka katika kitenzi "sumu", maana yake "kwisha" au "kumalizika", kama vile shauri linavyokwisha au deni linavyomalizika. "Sumimasen" ni ukanusho wake wa heshima: "haijesha". Ni nini ambacho hakijesha? Ni deni la wema. Anayelisema ni kama anasema, "Moyo wangu haujatulia, kwa maana umejitaabisha kwa ajili yangu nami sijakulipa." Ndiyo sababu neno hili hutumika kuomba radhi umkanyagapo mtu mguu, hutumika kumwita mhudumu hotelini, na hutumika vile vile kushukuru. Bibi mzee akiachiwa kiti ndani ya treni, mara nyingi hatasema "arigato". Atainamisha kichwa na kusema "sumimasen". Haombi radhi kwa kosa, maana hakukosa. Anakiri kwamba kijana yule sasa amesimama kwa ajili yake.

Yako na maneno mengine ya jamaa hiyo. Baada ya kula, Mjapani husema "gochisosama". Ndani ya neno hilo imo maana ya kale ya kukimbia huku na huko, yaani taabu ya mwenyeji aliyehangaika kukusanya chakula. Watu wamalizapo kazi ya siku huambiana "otsukaresama", neno lililojengwa juu ya uchovu, nalo liko karibu kabisa na "pole na kazi" yetu. Na mtu akiulizwa habari za afya hujibu "okagesama de". "Kage" ni kivuli. Maana yake ni kwamba amepona, au amefaulu, kwa sababu alipata kukaa katika kivuli cha wengine.

Tukiyatazama maneno hayo pamoja tutaona kwamba mengi hayaelezi furaha ya aliyepokea. Yanaeleza gharama ya aliyetoa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka.

2. WEMA ULIO MZIGO

Mwaka 1946 mwanazuoni wa mila za watu, Bibi Ruth Benedict wa Marekani, alitoa kitabu juu ya Wajapani kiitwacho The Chrysanthemum and the Sword. Kazi hiyo ilitokana na utafiti aliofanya kwa ajili ya serikali yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Yeye mwenyewe hakupata kufika Japani. Alizungumza na Wajapani waliokaa Marekani, akasoma vitabu vyao na kutazama filamu zao. Wataalamu wengi, hata wa Japani, wamemkosoa kwamba aliliandika taifa zima kana kwamba ni mtu mmoja. Lakini maelezo yake juu ya jambo moja yamesomwa hata leo, nalo ni neno "on".

"On" ni wema uliopokewa, lakini wema unaotazamwa kama deni. Mtoto ana "on" ya wazazi wake, mwanafunzi ana "on" ya mwalimu wake, na mtu aliyeokolewa ana "on" ya mwokoaji. Wajapani husema kwamba mtu "huivaa" on, kama vile nguo. Deni la wazazi halimalizwi kwa maisha yote. Deni la jirani huweza kulipwa, na yafaa lilipwe.

Tukiielewa on, tunaelewa desturi nyingi za huko. Katikati ya mwaka watu hupelekea zawadi wale waliowafadhili, na mwisho wa mwaka hufanya hivyo tena. Katika msiba, waombolezaji huleta fedha ndani ya bahasha maalum, na baada ya mazishi wafiwa huwarudishia zawadi. Kwa kawaida thamani yake hukadiriwa kuwa nusu, au pungufu ya hapo, ya kile walicholeta. Kwa nini wasirudishe yote? Kwa sababu anayerudisha yote mara moja ni kama anasema, "Sasa hatudaiani, wewe kwako na mimi kwangu." Kubaki na kitu kidogo cha deni ni kubaki na ujirani.

Hapa tumefika penye fumbo la somo letu. Deni la wema ni mzigo, lakini ni mzigo unaowafunga watu pamoja. Neno "sumimasen", yaani "haijesha", lina pande hizo mbili: linaonyesha uzito, na linaahidi kwamba mambo baina yetu bado yanaendelea.

3. BILAURI YA MAJI YA BARAFU

Iko hadithi moja inayolionyesha jambo hili vizuri, nayo inahusu walimu, kwa hiyo sisi tuliokaa miaka mingi katika chuo cha ualimu tunaipenda. Ni riwaya iitwayo Botchan, iliyotolewa mwaka 1906 na mwandishi Natsume Soseki. Soseki aliwahi kufundisha katika mji wa Matsuyama, katika kisiwa cha Shikoku, na Wajapani walimheshimu hata wakaweka picha yake katika noti ya yen 1,000 iliyoanza kutolewa mwaka 1984.

Msimulizi wa riwaya hiyo ni kijana kutoka Tokyo anayepelekwa Shikoku kufundisha hisabati. Mwalimu mwenzake, ambaye yeye amempa jina la utani la Nungunungu, anamnunulia maji ya barafu. Bei yake ni sen 1 na rin 5. Sen ilikuwa sehemu ya mia ya yen moja, na rin sehemu ya kumi ya sen, kwa hiyo ilikuwa fedha ndogo sana. Kijana anakunywa, na jambo linapita.

Baadaye anadokezwa kwamba Nungunungu ndiye anayewachochea wanafunzi wamsumbue. Mara ile bilauri ya maji inamchoma rohoni. Anaona hawezi kukaa na wema, hata wa sen 1 na rin 5, kutoka kwa mtu mwenye hila. Anaamua kumrudishia. Papo hapo anakumbuka kwamba yule mama mzee aliyemlea, aitwaye Kiyo, aliwahi kumpa yen 3, naye hajamrudishia kwa miaka mitano. Hilo halimsumbui hata kidogo. Kumlipa Kiyo, anaona, kungekuwa kumfanya mtu wa nje, na kuutilia shaka moyo wake.

Kisha kijana anafikiri jambo ambalo lafaa tulitafakari. Anaona kwamba kuukubali wema wa mtu na kunyamaza, wakati ungeweza kuulipa, ni kumheshimu mtu yule. Ni kumhesabu kuwa mtu anayestahili kudaiwa naye. Heshima hiyo, kwake yeye, ina thamani kuliko fedha nyingi.

Basi anaziweka zile sarafu juu ya meza ya Nungunungu. Nungunungu hazitaki. Sarafu zinabaki pale mezani, hakuna anayezigusa. Hatimaye kijana anagundua kwamba alidanganywa, na Nungunungu si adui bali rafiki. Anafanya nini? Anazichukua sarafu zake na kuzirudisha mfukoni. Kukubali kudaiwa tena ndiko kupatana kwao.

Tuone basi: msaidizi huumizwa na mtu asiyeshukuru, lakini huumizwa pia na mtu anayeharakisha kulipa. Malipo ya haraka humwambia, "Sitaki kuwa na neno nawe."

4. DAKTARI ALIYESEMA "SAMAHANI"

Dakta Takeo Doi alikuwa daktari wa magonjwa ya akili wa Japani. Mwaka 1971 alitoa kitabu kilichojulikana sana, juu ya tabia ya mtu kuegemea wema wa wengine kama mtoto anavyomwegemea mama yake. Humo anasimulia mambo yaliyompata alipokwenda Marekani mwaka 1950. Msimamizi wake alipomtendea wema, alitaka kushukuru kwa Kiingereza. Lakini neno la Kiingereza la "asante" aliliona jepesi mno kwa mkubwa wake, kana kwamba walikuwa sawasawa. Kwa hiyo akasema neno la kuomba radhi, akidhani anasema "sumimasen". Msimamizi alishangaa, akamuuliza anaomba radhi kwa lipi.

Kisa hiki ni cha kuchekesha, lakini kina fundisho. Neno lilikuwa jema, na moyo ulikuwa mwema, ila msikilizaji hakuwa na sikio la neno lile. Kwa Mjapani, kumwomba radhi msaidizi ni kumwambia, "Nimeiona gharama yako." Kwa Mmarekani, ni kumwambia, "Kuna kosa mahali." Neno la shukrani halipimwi kwa maana yake katika kamusi tu. Hupimwa kwa namna linavyopokewa.

5. KUNA NINI KATIKA MOYO WA MSAIDIZI?

Sasa tuulize swali lenyewe: maneno haya humfanya nini msaidizi?

Kwanza, shukrani iliyo wazi humpa nguvu. Mwaka 2010 wataalamu wawili, Adam Grant na Francesca Gino, walitoa matokeo ya majaribio yao huko Marekani. Katika jaribio moja, watu waliombwa kumsaidia mwanafunzi kuirekebisha barua yake ya kuomba kazi, kisha wakaombwa msaada wa pili. Kati ya wale waliojibiwa kwamba barua imepokewa, bila shukrani, kiasi cha 32 kwa mia walisaidia tena. Kati ya wale walioshukuriwa, walikuwa 66 kwa mia. Neno moja la asante liliongeza wasaidizi mara mbili. Sababu waliyoiona ni kwamba aliyeshukuriwa hujiona ana thamani kwa watu wengine. Majaribio hayo yalifanyika Marekani, si Japani, lakini yanatuonyesha kwamba msaidizi naye ana hitaji lake.

Pili, neno la kuomba radhi humwonyesha msaidizi kwamba hakuchukuliwa kuwa mtumishi. Kijana akipokea msaada wa mkubwa wake na kusema "arigato" peke yake, huweza kuonekana amechukua wema kana kwamba ni haki yake. "Sumimasen" hulainisha jambo. Naye msaidizi ana jibu lake zuri, "otagaisama", maana yake: mimi na wewe tuko hali moja, leo kwako, kesho kwangu. Kwa jibu hilo mzigo hugawanywa pande mbili.

Tatu, neno hilo hilo likizidi, au likisemwa kwa mtu wa karibu, humtia msaidizi baridi. Wajapani wana neno "mizukusai" kwa mtu anayewafanya ndugu na rafiki kuwa wageni. Kwa asili lina maana ya kitu chenye umajimaji, kama mchuzi uliozidi maji. Mke akiombwa radhi na mumewe kila alipompa kikombe cha chai, atauliza kulikoni.

Tena iko hatari kubwa zaidi. Wajapani hufundishwa tangu utotoni wasiwe "meiwaku", yaani usumbufu kwa wengine. Ni mafundisho mema, maana ndiyo yanayofanya watu wakae kimya katika treni na kuokota taka zao. Lakini leo Japani ina wazee wengi sana. Mwaka 2023, kiasi cha watu 29 katika kila 100 walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Serikali ilianzisha bima ya kuwatunza wazee mwaka 2000, na wahudumu huwafikia majumbani kuwaogesha na kuwalisha. Mzee aliyeishi miaka themanini akijitahidi asiwe usumbufu kwa mtu, sasa hana budi kuoshwa na mkono wa mwingine. Husema "sumimasen" akiinuliwa, "sumimasen" akilishwa, "sumimasen" akifunikwa. Mhudumu aliyekuja kwa upendo hujikuta anaombwa radhi mchana kutwa, naye hujiuliza kama kuja kwake kunamliza mzee badala ya kumfariji. Na yuko mzee ambaye, kwa kuogopa kuwa mzigo, haombi msaada kabisa.

Ndiyo maana siku hizi wako Wajapani wengi wanaohimizana kusema "arigato" mahali ambapo zamani wangesema "sumimasen". Hawataki kulitupa neno la kale. Wanataka msaidizi asikie furaha pia, si uzito peke yake.

6. JE, KISWAHILI CHETU?

Sisi nasi tuna hazina yetu. "Asante" limetoka katika Kiarabu, "ahsanta", maana yake "umefanya vyema". Kwa hiyo asante yetu ni sifa: inamtazama msaidizi na kumwambia kazi yake ni njema. "Pole" si kuomba radhi. Ni kushiriki taabu ya mwenzetu. Na "samahani" huomba msamaha, au hufungua mlango wa ombi. Mjapani ameyatia mengi ya hayo katika neno moja, sisi tumeyagawa katika matatu. Basi tunaweza kuyatumia yote kwa mpango: samahani kabla ya kuomba, pole wakati msaidizi anapotaabika, asante kazi inapokwisha. Mtu akisema samahani peke yake tangu mwanzo hata mwisho, amemnyima msaidizi furaha yake. Mtu akisema asante peke yake, bila pole, ameisahau gharama.

Tunayo pia on yetu, nayo ni fadhila. Tunajua fadhila inavyoweza kuharibika. Upande wa aliyepewa huharibika kwa utovu wa shukrani, na wahenga walimfananisha mtu huyo na punda anayeshukuru kwa mateke. Upande wa aliyetoa huharibika kwa masimango. Anayesimanga hugeuza zawadi kuwa deni la aibu, na hapo ndipo wazee wetu wengi wanapoapa kwamba heri kulala na njaa kuliko kugonga mlango wa fulani. Tusiseme kwamba ugonjwa wa kuogopa kuwa mzigo uko Japani tu. Katika mitaa yetu wako wagonjwa na wajane wasemao "sitaki kuwasumbua", nasi tukaamini kwamba hawana haja.

Mtu wa namna hiyo hahitaji tu msaada. Anahitaji kuambiwa "otagaisama" kwa lugha yetu: jana ulitufundishia watoto, leo ni zamu yetu. Naye akishapokea, amruhusu msaidizi kusikia asante moja iliyo kamili, bila kuifunika kwa radhi kumi. Kupokea vizuri nako ni kutoa, kwa kuwa humpa msaidizi jambo ambalo hawezi kujipatia mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja nyakati mbili ambapo "pole" inafaa kuliko "asante", na nyakati mbili ambapo "asante" inafaa kuliko "samahani".

2. Kwa nini kijana wa hadithi aliona vigumu kukaa na deni la sen 1 na rin 5, lakini deni la yen 3 halikumsumbua?

3. Katika msiba au harusi, sisi huandika michango daftarini. Je, daftari hilo linatufunga pamoja au linatutenga? Toa sababu.

4. Ni nani katika mtaa wetu anayesema "sitaki kuwasumbua"? Kikundi chenu kitamwambia neno gani, na nani atakwenda kumwambia wiki hii?